Nimerithi mashine ya boti ya zamani (Seagull ya babu), nichonge mtumbwi wa aina gani uendane nayo?

Mjukuu wa Kayenze

Wakuu habari za jioni, na ndugu zangu wa kanda ya ziwa mwadila. Naombeni mawazo kwa wanaojua boti na hizi mashine za zamani.

Babu yetu mzaa mama alitutoka mwaka juzi, kwenye kugawana vitu vyake mimi nikaomba mashine yake ya boti iliyokuwa imelala stoo nyuma ya magunia ya mpunga miaka na miaka, wajomba wakanipa bila maneno maana waliona ni chuma tu. Ni British Seagull, maandishi kwenye tenki bado yanasomeka ukifuta vumbi, tenki lenyewe la shaba limeota ukijani, chini ina propela kubwa ajabu ya mapanga matano, haina gia ya kubadilisha, haina kifuniko, gurudumu la juu liko wazi na lina mkato wa kuingizia fundo la kamba, unazungushia afu unavuta. Babu alituambia aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na ndiyo aliyokuwa anavukia kwenda kisiwa cha Bezi wakati sisi hata hatujazaliwa.

Nimehangaika nayo miezi minne. Magineti (inayotengeneza cheche) nimeifungua, pointi nimezisugua na msasa laini nikaweka uwazi wa nusu milimita, kabureta nimeiloweka siku mbili. Plagi yake ni nene kuliko hizi za bodaboda, nimeipata kwa tabu kwa fundi wa matrekta. Jumapili iliyopita nikaifunga kwenye pipa la maji pale nyumbani, kamba ya saba ikapiga chafya, ya tisa ikawaka. Mama alikuwa jikoni akatoka mwiko mkononi, akasimama anaisikiliza, akasema huo ndio mlio wa baba.

Sasa mashine ninayo, mtumbwi sina. Mimi ni seremala wa vitanda na makabati, mbao naijua ila chombo cha majini sijawahi kutengeneza. Nataka cha kwetu wenyewe, mimi na mke wangu na watoto wawili, kuvua sato kwa ndoano asubuhi na siku moja moja kuvuka Bezi. Nimefikiria njia tatu. Kuna mtumbwi wa dagaa wa futi 26 unauzwa bei nzuri umechoka kidogo, naweza kuurekebisha. Au nitengeneze kiboti kifupi kipana cha plaiwudi, futi 10, nimeona picha zake mtandaoni kinapaa juu ya maji kama jiwe la kurusha. Au nijichange nipate cha faiba. Kipi kitaiendea hii mashine? Sitaki kuiumiza.

Kijana wa Kirumba

Hongera mkuu kwa kuiwasha, sio kazi ndogo. Ila mi niko kwenye boti za dagaa kila siku nakwambia kwa nia njema, hiyo iweke nyumbani iwe kumbukumbu, tafuta Yamaha 15 hata mtumba. Vipuri vyake viko kila kona hapa Kirumba, fundi yeyote wa mwaloni, pale ufukweni pa mitumbwi, anaifungua amefumba macho. Ziwa likichafuka unataka mashine inayowaka kwa kamba moja, sio ya tisa. Una watoto kaka.

Mzee wa Plagi

Kijana wa Kirumba amesema kweli kwa anayetafuta riziki ya kila siku, lakini mjukuu hajauliza anunue mashine gani, ameuliza mtumbwi gani. Ngoja niseme ninayoyajua, nimezishika hizi Seagull tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi na moja ninayo hadi leo.

Kwanza uijue uliyonayo. Zilitengenezwa Poole, Uingereza, wakaacha kuziunda miaka ya 1990. Hiyo yako ya mapanga matano ni ukoo wa Century, silinda ya cc 102, nguvu farasi 4 mpaka 5 ikiwa na afya. Ukisikia farasi 4 utadhani ni kitoto mbele ya Yamaha 15, ila angalia propela. Ya Yamaha ni ndogo inazunguka kasi, imekusudiwa chombo kinachokimbia. Ya kwako ni kubwa na kule chini kuna gia inayopunguza mzunguko, kwaiyo inasukuma maji mengi taratibu, kama mtu anayevuta kasia refu. Imezaliwa kusukuma kitu kizito polepole. Ukiitaka ikimbie utakuwa unaigombeza bure.

Ndio maana nasema kiboti cha futi 10 kinachopaa kitoe kichwani leo hii. Chombo kupanda juu ya maji kinataka kama nguvu farasi moja kwa kila kilo 25 hivi, hesabu yote, mbao, mashine, mafuta na watu. Farasi 4 ni kilo 100. Wewe peke yako na mashine na galoni la petroli mshamaliza, boti yenyewe haijapimwa. Afu kuna jambo ambalo Mwanza tunalisahau, ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa huku ni nyepesi, mashine inavuta hewa pungufu na mchanganyiko unakuwa mzito wa petroli, unapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kabla hujaondoka mwaloni. Hicho kiboti kitainua pua juu, kitazamisha matako, kitasukuma mlima wa maji mbele yake, na mashine italia mpaka huruma.

Chombo kisichopaa kina spidi yake ya asili na inategemea urefu unaogusa maji. Chukua urefu huo kwa futi, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2.5, unapata kilometa kwa saa. Futi 9 inakupa 7.5. Futi 16 inakupa 10. Futi 25 inakupa 12.5. Ukifika hapo hata uongeze mashine mara mbili unaongeza mawimbi tu na petroli inayokwisha, chombo hakiendi. Sasa uzuri ni kwamba kufika karibu na spidi hiyo hakutaki nguvu nyingi, chombo chembamba cha nusu tani na watu ndani, farasi 3 zinakitosha kabisa. Kwaiyo kwa mashine hiyo urefu ndio unaokupa spidi. Tafuta chombo kirefu, chembamba, chepesi.

Ila usirefushe ukapitiliza. Ule wa dagaa wa futi 26 kwa hesabu ungeenda zaidi, lakini ni mzito, umeshakunywa maji miaka, mbavu zake ziko juu na upepo wa mchana ukiukamata ubavuni hiyo mashine haitaweza kuurudisha ulikotoka. Asubuhi kukiwa kumetulia utafurahi, saa nane upepo wa ziwani ukipanda utajuta.

Mimi ningejenga futi 15 mpaka 17. Kutoka Kigongo mpaka Busisi pale darajani ni kama kilometa 3, ukienda kilometa 9 kwa saa ni dakika 20. Hiyo ndiyo hali yenyewe, unakwenda unaongea na mkeo.

Na oili mjukuu, hapa ndipo watu wanaziua. Hizo za zamani zina bushi za shaba sehemu ambayo mashine za sasa zina beringi, zinataka oili nyingi, uwiano wa 10 kwa 1. Petroli lita 5, oili nusu lita. Atatokea mtu atakwambia ni nyingi mno weka kama ya bodaboda, usimsikilize. Zilikuja za baadaye za 25 kwa 1, kama huna uhakika yako ni ipi baki kwenye 10. Moshi utatoka na juu ya maji utaona utando wa oili, kwaiyo tafadhali usiipigie misele karibu na chanzo cha maji kama kile cha Capripoint, watu wanakunywa. Kule chini kwenye gia weka oili nzito ya 140, na ukiifungua ukakuta imekuwa nyeupe kama maziwa usishtuke, sili zake hazikuwahi kuzuia maji kabisa, mwaga weka nyingine. Usiiwashe kavu, nje ya maji, hata nusu dakika.

Fundi Igombe

Mzee wa Plagi shikamoo. Umemaliza upande wa mashine, ngoja mimi nishike mbao maana ndio kazi yangu, miaka 20 na kitu naunda mitumbwi huku Igombe, ya dagaa na ya sangara.

Mjukuu, mitumbwi yetu ya asili ilikuwa imechongoka mbele na nyuma, ya kasia na tanga. Mashine zilipoanza kuingia ziwani miaka ya 1950 mafundi wakaanza kukata nyuma ili ubao wa kufungia mashine upate pa kukaa. Sa hivi tunaunda nyuma pana kabisa kwa sababu ya mashine za farasi 15, 25 na 40, zina uzito na zinasukuma kwa nguvu, nyuma pakiwa pembamba panazama. Wewe ukienda kwa fundi yeyote ukamwambia nataka mtumbwi wa mashine atakupa huo wa nyuma pana. Usikubali. Mashine yako ina kilo kama 20 tu.

Wako uwe hivi. Chini, pale panapogusa maji, upana futi 3 katikati, juu kwenye ukingo ufunguke mpaka futi 4, hapo mtoto akisimama hauyumbi vibaya. Mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, ulale sawa katikati afu kuelekea nyuma tumbo lipande kidogo kidogo, ubao wa nyuma ukifika uwe unalamba maji, usizame. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanazamisha ubao wa nyuma inchi nne tano, unaona maji nyuma yanachemka yanazunguka yanafuata mtumbwi, ule ni mzigo unauburuta. Mtumbwi wa mwendo wa taratibu maji yanatakiwa yakutane nyuma kimyakimya kama hakuna kilichopita. Ila usipandishe sana kama ndizi, maana mtu wa usukani anakaa nyuma na mashine iko nyuma, ukipandisha sana nyuma inakaa chini pua inaangalia mbinguni. Na mkeo akae mbele, sio pembeni yako.

Sasa urefu wa ubao wa nyuma, hili nakuomba ulisome mara mbili. Mashine ina mguu, kuna mfupi wa ubao wa inchi 15 hivi na mrefu wa inchi 20. Usiamini namba, pima wako. Kuanzia pale klampu inapokalia juu ya ubao shuka mpaka ncha ya juu ya propela, mapanga yote yanatakiwa yawe chini ya tumbo la mtumbwi. Ukiifunga juu sana propela inanyonya hewa, mashine inapiga kelele na mtumbwi hauendi, ukiifunga chini sana kichwa kinakaribia maji na wimbi moja la nyuma linaizimisha.

Mimi sikati ubao wa nyuma mpaka mtumbwi uingie majini. Nauacha mrefu. Naupeleka majini na magunia ya mchanga, moja mahali pa kila mtu kwa uzito wake, galoni la mafuta lenye maji mahali pake, kilo 20 za mawe zimefungwa pale mashine itakapokaa. Afu naacha utulie, nachora mstari wa maji kwa chaki pande zote mbili na nyuma. Nikiutoa nakata kwa mstari huo. Mara moja tu nilikata kwa macho kwenye karakana, ubao ukawa umezidi inchi tatu, ikabidi nifungue misumari upya na mwenye mtumbwi ananiangalia.

Mbao. Mvule ni mfalme ila bei yake sa hivi ni ya kuuzia nyumba. Mninga mzuri hauozi haraka ila uzito, mtumbwi huo kwa mbao za inchi moja unaenda zaidi ya kilo 120 mbao peke yake, na farasi 4 zinausikia kila kilo. Paini ya Sao Hill ni nyepesi, ukiitia dawa na rangi vizuri ukawa unaipandisha nchi kavu kila siku inadumu miaka kadhaa. Kwa vile wewe ni seremala unajua kuunga, mimi ningekwambia mkuku na mataruma (ile mifupa ya ndani) mninga, mbavu, yaani kuta za nje, plaiwudi ya milimita 9. Utainua na watu wawili watatu.

Lakini sio ile marinbodi nyeusi ya hadweya! Ile ni ya kumwagia zege. Watu wanasikia jina wanadhani ni ya majini. Gundi yake kweli inastahimili maji, ila ndani ina mianya, tabaka zimeachana, na ile ngozi nyeusi haishiki gundi wala rangi. Nilishaletewa kimtumbwi cha hiyo, ukikibonyeza kwa dole gumba pembeni mwa msumari maji yanatoka kama sifongo. Kata kipande angalia ubavuni, ukiona tundu hata moja rudisha. Kingo zote za plaiwudi zinyweshe gundi ya maji mawili, ile ya kuchanganya (epoxy), kabla hujapiga msumari, maji yanaingilia pale kwenye kingo. Karatasi ni futi 8, mbili ukiziunga unapata futi 16 bila kukata, kiungo kiwekee kiraka cha ndani upana wa kiganja na nusu.

Mgosi wa Pwani

Salama waungwana, mimi niko Tanga ila nilifanya kazi Mwanza miaka saba. Nyuma ya chombo sisi huku ni tezi, mbele ni omo, naona Fundi anasema nyuma na mbele na tunaelewana vizuri tu.

Nina la kuongeza moja. Kama akipata mtumbwi mzuri uliochongoka pande zote mbili asiukatae kwa sababu hauna pa kufunga mashine. Huku wapo wanaofunga ubao wa kando, kipande cha mti mgumu kinavuka kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine na kutokeza nje, mashine inakaa pembeni karibu na tezi. Kwa mashine ndogo ya msukumo wa taratibu inafaa. Usukani unavuta upande mmoja kidogo, unauzoea. Chombo kilichochongoka nyuma kinaenda laini kuliko chochote kwa farasi hizo, na mawimbi ya nyuma hayakipigi kofi.

Dada wa Luchelele

Mimi sio fundi ila nimekulia mwaloni na baba yangu alikuwa na mashine ya hivyo hivyo ya kamba isiyo na gia, kwaiyo kaka Mjukuu nisikilize kama dada yako.

Ikiwaka inaondoka. Haingoji. Haina kusimama huku inaunguruma, ikishika tu mtumbwi unaruka mbele. Kule kwetu asubuhi mwaloni kuna watoto wanaoga, kina mama wanaosha vyombo na dagaa, mitumbwi imebanana. Siku moja baba aliiwasha bado kamba ya nanga haijafunguliwa upande mmoja, mtumbwi ukazunguka kama ng'ombe aliyefungwa kigingi, ukapanda juu ya mtumbwi wa jirani, propela ikakata nyavu zake. Mungu alisaidia hakukuwa na mtoto pale. Toka siku ile alikuwa anapiga kasia mpaka nje kabisa, pua inaangalia ziwa, ndio anavuta kamba. Kurudi hivyo hivyo, anazima mbali anamalizia kwa kasia. Kwaiyo mtumbwi wako lazima uwe unapigika kasia, ukiwa mpana sana au mzito utashindwa, na makasia yawe mawili na yawe ya kweli sio kipande cha mbao.

Na lile gurudumu la juu liko wazi na linazunguka. Mama yangu ncha ya kanga ilinaswa, ilimvuta akaangukia silinda ya moto, kovu la kuungua analo mkononi mpaka leo. Mkeo asikae nyuma na kitenge kinachopepea. Na wewe ukivuta kamba mtu asiwe nyuma yako, ile kamba ikitoka ina fundo mwishoni.

Maboya kila mtu, na ya watoto yawe ya saizi ya watoto. Mtumbwi ukiisha waite watu wa TASAC, wale wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, waukague, upate namba. Sisi wa huku tumeona MV Bukoba 1996, tumeona MV Nyerere 2018 pale Ukara wakiwa wanakaribia kufika kabisa. Pakia wanne mliosema, shangazi akija anaomba lifti siku hiyo mwambie kesho.

Mjukuu wa Kayenze

Wabeja sana wote, nimesoma usiku nikamsomea na mke wangu. Kijana wa Kirumba nimekuelewa kaka, na nimekubali jambo moja kwako, kwenda Bezi hatutaenda mpaka mashine iwe inawaka kwa kamba ya pili ya tatu mwezi mzima.

Nimepima mguu leo, kutoka klampu mpaka ncha ya juu ya propela ni inchi 17 na kidogo. Futi 10 na ule wa dagaa nimeviacha, cha faiba pia, kila nilichoulizia kimeundwa kwa ajili ya mashine kubwa. Swali kwa Fundi, kwenye mataruma niweke umbali gani, na ubao wa nyuma unene gani?

Fundi Igombe

Mataruma kila baada ya futi moja na nusu yanatosha kwa plaiwudi, pale mnapokaa weka futi moja. Ubao wa nyuma inchi moja na nusu mninga, afu toka hapo weka magoti mawili ya mti uliopinda kwa asili yanayoshika ubao na mkuku, maana msukumo wote wa mashine unapitia pale. Ndani na nje pale skrubu za klampu zinapobana weka kipande cha bati nene, bila hivyo zinakula mbao ndani ya mwezi. Na funga mashine kwa mnyororo au kamba nzuri kwenye tundu la goti! Klampu zinalegea kwa mtikisiko, mashine za watu ziko chini ya ziwa hili nyingi kuliko unavyodhani.

Mzee wa Plagi

Marahaba Fundi, umefundisha. Mjukuu, propela yako haina pini ya kukatika kama mashine nyingi, ina springi nene nyuma yake inayopokea kishindo ukigonga jiwe. Ikague, ikiwa na ufa tafuta nyingine kabla hujaenda popote, vipuri vya Seagull bado vinatengenezwa Uingereza vinaagizwa. Na magugu maji yakijisokota pale usilazimishe, zima, inua mguu, kata kwa kisu.

Mjukuu wa Kayenze

Wakuu narudi na mrejesho, imepita miezi mitano.

Mtumbwi umeisha. Futi 16 na nusu, mkuku na mataruma mninga, mbavu plaiwudi ya 9. Plaiwudi niliirudisha mara mbili kwa muuzaji mpaka nikapata isiyo na tundu, alikasirika ila nilikata kipande mbele yake akaona mwenyewe. Siku ya kuushusha nilifanya ya magunia ya mchanga kama Fundi alivyosema, chaki ikaonyesha nyuma imezama inchi mbili kuliko nilivyodhani, kumbe nilimweka gunia la mke wangu katikati. Nikalisogeza mbele, nikasogeza na kiti changu kuja mbele nusu futi, ikapanda. Ndipo nikakata ubao.

Simu ilionyesha kilometa 8.9 kwa saa tukiwa wawili, wanne na vitu vyetu ni 8.3. Petroli sijafungua mpaka mwisho, nikiongeza zaidi ya pale naona wimbi la mbele linakua tu na namba haisogei, ni vilevile Mzee ulivyoandika. Nyuma maji yanafunga bila kelele. Nimewahi kupanda mitumbwi mingi ila sikuwahi kuangalia maji ya nyuma, sasa hivi naangalia nyuma kuliko mbele mpaka mke wangu ananikumbusha.

Kamba ya pili inawaka, ya kwanza ikiwa bado ina joto. Natoka kwa kasia mpaka nje ya mitumbwi ya watu. Kanga na vitenge vyote mbele. TASAC wamekagua, namba ninayo. Shida iliyobaki ni kiungo cha plaiwudi upande wa kulia kinatoa jasho, matone tu, ntaupandisha wiki ijayo nikinyweshe gundi upya kwa ndani.

Bezi tulienda Jumamosi, tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi tukarudi kabla ya saa tano upepo haujaanza, mama alikaa mbele na boya lake. Ubao wa nyuma nimeuchora kwenye kadibodi na vipimo vyote, mwenye Seagull ya mguu kama wangu aniambie, aje Kayenze auchukue.